Sauti Iliyovuka Ukuta

Rehemah Mutwalibu alikuwa na sauti yake mwenyewe, nyembamba, kama ya mtu anayeomba kupishwa sokoni, na hakuna aliyewahi kufunga duka mapema kwa ajili ya kwenda kuisikiliza. Watu wa Jinja walifunga maduka kwa ajili ya sauti nyingine zilizokaa ndani yake. Kulikuwa na mama muuza samaki wa Masese anayegombana na sangara aliyekufa. Kulikuwa na msichana wa saluni anayejua siri za mtaa mzima na kuapa kwamba hajui hata moja. Kulikuwa na mhubiri wa stendi aliyekaukiwa koo. Lakini kuliko hao wote, watu walimtaka Afande.

Afande hakuwa na jina lingine. Alikuwa polisi mnene mwenye tumbo la mto wa kulalia na masharubu ya manyoya ya mbuzi, na aliamini kwamba kila kiumbe chenye miguu kiko chini ya amri yake. Akikutana na kuku njiani, humkamata.

"Wewe kuku! Simama! Mguu sawa! Kitambulisho yako iko wapi?"

Kuku akinyamaza, Afande huwageukia watu kwa uchungu. "Mnaona? Hii kuku najua sheria. Nanyamaza mpaka wakili yake nakuja."

Hapo ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Rehemah alichanganya Kisoga na Kiswahili kulingana na mahali alipo, ila Afande alisema Kiswahili tu, kile cha kambini, kilichokatwakatwa kama kuni. Wazee wengi wa upande huu walikijua Kiswahili hicho kwa njia mbaya. Ilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki anayegonga mlango. Siku moja ya soko kule Buwenge, bibi mmoja alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, akijipangusa macho kwa pindo la vazi lake la gomesi. Onyesho lilipokwisha alimwendea Rehemah, akamshika mkono. "Mwanangu," alimwambia kwa Kisoga, "zamani nikiisikia lugha hiyo nilijificha chini ya kitanda. Leo nimeifuata mwenyewe." Rehemah alirudi Jinja siku hiyo bila kusema neno, na Isiko, aliyekuwa akimwendesha na kumfungia spika zake, hakumuuliza kitu. Walikuwa wamezunguka pamoja miaka mingi kiasi cha kujua kwamba watu wanaochekesha wenzao hupenda kimya njiani.

Mtu akimuuliza Rehemah Afande ametoka wapi, alikuwa akijibu kwa mzaha: nimemwokota, nimemzaa, nimemkopa. Ukweli ni kwamba alimsikia.

Baba yake, Mzee Mutwalibu, alikuwa fundi cherehani, na nyumba waliyopanga ilipakana na laini za polisi, zile nyumba za askari na familia zao. Katikati palikuwa na ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu. Kila asubuhi, kabla Rehemah hajafumbua macho, sauti ilikuwa ikiuvuka ukuta ule. Ilianzia chini kabisa, kama lori linalojinasua matopeni, ikapanda, ikapanda, halafu mwishoni ikakatika ghafla kama mtu aliyefunga mlango. Ilikuwa ikiwapanga watoto wa laini mstari kabla ya shule. Ilikuwa ikiuliza uji uko wapi. Ilikuwa ikimkaripia kuku kwa cheo na kumtaka ajieleze. Na Rehemah, kule kwenye mkeka wake, alikuwa akinyoosha miguu na kubana mikono ubavuni, amri isije ikampita.

Rehemah hakumwona mwenye sauti hata mara moja. Siku moja ukuta ulinyamaza, na baba yake akasema yule afande amehamishwa. Nyumba ilipoa kama jiko lililozimwa. Rehemah alikaa na ukimya huo kwa muda, kisha siku moja, akiwa ameinama uani, akafungua kinywa na kuitoa ile sauti nzima, na lori lake, na mlango wake. Mama yake, aliyekuwa akifua, aliangusha beseni akavuta ushungi hadi machoni, akidhani mwanamume ameingia uani. Alipogeuka akamkuta bintiye peke yake, mwembamba kama ufito, naye kapigwa na butwaa kuliko mama mtu.

Ikawa ndiyo kazi yake.

Mwaka jana kazi hiyo ilimpeleka mahali pengine. Kulikuwa na studio ndogo katikati ya mji wa Jinja, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ambayo kuta zake zilibandikwa trei za mayai ili kuzima mwangwi. Walikuwa wakiingiza sauti za Kiswahili kwenye katuni ya watoto, maana siku hizi watoto wanakisoma lugha hiyo shuleni na televisheni inahitaji vya kuwaonyesha. Katuni ilimhusu kiboko anayelinda kivuko cha mto, na hakuna mnyama anayepita bila ruhusa yake. Mwongozaji, kijana mpole aitwaye Douglas, alimwambia Rehemah, "Nataka sauti ya mkubwa ambaye mtoto atamwogopa na kumpenda kwa pamoja."

Rehemah akamtoa Afande. Lakini safari hii hapakuwa na tumbo la mto, wala masharubu, wala kuku, wala watu wa kucheka. Kulikuwa na kiti, kipaza sauti, na giza kidogo. Sauti ilisimama uchi mbele yake. Aliposikilizishwa alichorekodi, aliomba kukisikia tena. Kwa mara ya kwanza alijiona kama mtu aliyevaa koti zuri miaka yote bila kujua mwenye koti ni nani, wala kama anasikia baridi.

Katuni ilianza kuonyeshwa Jumamosi asubuhi. Watoto wa Jinja wakawa wanapanda vitanda na kuzuia kaka zao kupita.

Muda mfupi baadaye Rehemah na Isiko walikwenda Mbale. Onyesho lilikuwa la mchana, katika ukumbi wa jamii kule Industrial Division, mtaa wa viwanda, na watu walijaa mpaka madirishani: wafanyakazi wa viwandani waliotoka zamu, akina mama wa soko, askari wa magereza na watoto wao. Ukumbi ulikuwa mzuri, wenye watu wepesi kucheka. Muuza samaki aligombana na sangara wake, watu wakapiga meza. Mhubiri alikohoa wakamtolea maji.

Afande alipopanda jukwaani, Rehemah alimwona mwanamke mmoja amesimama karibu na mlango, kavaa sare ya magereza, mikono kaifunga kifuani. Hakucheka. Mchekeshaji anaweza kuwa na watu mia tano wanaocheka na bado akamwona yule mmoja asiyecheka, kama jino linalouma. Rehemah akamwelekezea Afande. Akamkamata kuku, akamnyooshea kidole, akanguruma. Yule mwanamke akajifunika mdomo kwa kiganja, akageuka, akatoka nje.

Onyesho lilipokwisha, alikuwa anawasubiri nyuma ya jukwaa.

"Wewe ndiye naongea ile kiboko ya televisheni?" aliuliza.

Isiko alianza kukunja nyaya haraka kuliko kawaida. Rehemah alikuwa bado na tumbo lake la mto. Kuigiza afande mbele ya afande ni jambo ambalo halijawahi kuwa salama nchini.

"Ni mimi, afande," alisema kwa sauti yake nyembamba. "Kama nimekosea..."

"Sikusema umekosea. Nauliza, hiyo sauti umetoa wapi?"

Majibu yote ya mzaha yalikuwepo, yamejipanga ulimini. Rehemah akayaacha. "Nilikulia Jinja," alisema. "Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya laini za polisi. Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na afande mmoja. Sikumjua. Nilikuwa namsikia tu."

"Upande gani ya laini? Upande ya tangi la maji?"

"Upande wa tangi la maji."

Yule mwanamke aliketi juu ya sanduku la spika. "Kulikuwa na kuku," alisema. "Kuku ile ilikuwa na jina."

"Koplo," Rehemah akasema.

"Koplo," akasema yule mwanamke, na machozi yakamtoka bila uso wake kubadilika hata kidogo. "Huyo mtu ni baba yangu. Sajini Ojok. Mimi naitwa Gorreti. Mimi nilikuwa kwa ule mstari kila asubuhi, na viatu imepigwa rangi."

Isiko aliacha kukunja nyaya.

Gorreti akawaeleza. Baba yake alistaafu zamani, akawa anaishi kwake hapo Mbale pamoja na mama. Mwaka wa juzi kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Mkono ulirudi kidogo, mguu ukarudi kidogo, lakini maneno hayakurudi. Akili anayo, anaelewa kila kitu, ila ulimi hauendi. Muuguzi wa hospitali aliwaambia kwamba maneno yamo ndani, mlango ndio uliokwama. Basi Jumamosi moja Gorreti alikuwa anamsuka binti yake sebuleni, televisheni iko wazi, mzee kakaa kwenye kiti chake dirishani.

"Kiboko ikaongea," Gorreti alisema. "Mama alitoka jikoni mbio, mikono imejaa unga. Akasimama mlangoni, naangalia mdomo ya mzee. Mdomo imefungwa. Sauti natoka kwa televisheni."

Miaka yote hiyo alikuwa amepita na sauti ile mijini na vijijini, ameichekesha, ameivika tumbo na masharubu, na kumbe mwenyewe yuko hai, kakaa dirishani, hana hata tone lake. "Nisamehe," alisema. "Nisamehe, dada. Sikujua."

"Mimi sikuja kukamata mtu," Gorreti alisema, akajifuta uso kwa mkono wa sare. "Nimekuja kuomba. Kuja nyumbani. Mama yangu nataka kusikia."

Rehemah akavua mto, akabandua masharubu, akanawa uso kwenye ndoo. Gorreti alimpigia mama yake simu kumweleza habari ya ile nyumba ya nyuma ya ukuta, na Isiko akawasha gari. Njia nzima, kupita viwanda na maghala, Rehemah alikuwa akijiandaa kukutana na mtu mkubwa. Sauti ile ilikuwa imemjengea mtu tangu utotoni: mabega kama kabati, shingo kama gogo, mikono ya kung'oa mlango.

Kwenye kiti kilichokuwa dirishani alikaa mzee mdogo.

Alikuwa mfupi, mwembamba, masikio yake makubwa kuliko uso. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka mistari imesimama, na viatu vyake, ambavyo havikuwa na safari yoyote, vilikuwa vinang'aa. Rehemah alisimama mlangoni akashindwa kuingia. Mwili huu? Lori lile lote lilikuwa likitoka katika kifua hiki ambacho yeye mwenyewe angeweza kukikumbatia kwa mkono mmoja? Alikuwa amejiandaa kuogopa, na alichokipata kilikuwa kikubwa kuliko woga, nacho kilimfanya avue viatu bila kuambiwa.

Mama mmoja mrefu alitoka jikoni, akamshika mikono yote miwili. Huyo ndiye Brigid, mke wa mzee.

"Wewe ndiye ile mtoto ya fundi cherehani?"

"Ndiye mimi, mama."

"Ijumaa mama yako alikuwa napika pilau," Brigid alisema. "Harufu naruka ukuta. Mzee alikuwa nasimama pale kwa ukuta, nafunga macho. Yeye nasema, 'Leo fundi iko na wageni.'"

Haya Rehemah hakuyategemea. Alidhani ukuta ule ulikuwa unapitisha kitu upande mmoja tu.

Akapiga goti mbele ya kiti, akamwamkia mzee kwa sauti yake ya kawaida. Sajini Ojok alimtazama. Macho yake yalikuwa makali, yanayohama haraka, macho ya mtu anayekagua mstari. Brigid alikaa kwenye mkeka, Gorreti akasimama karibu na ukuta bado na sare yake, na Isiko akabaki mlangoni na begi la vifaa begani.

"Ongea," Brigid alisema. "Ongea kama yeye."

Rehemah alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Alikuwa amesimama mbele ya mawaziri, mbele ya walevi, mara moja hata mbele ya mazishi yaliyoharibika yakageuka sherehe, na hakuwahi kuishiwa sauti. Sasa utamwigizaje mtu akiwa anakutazama, na yeye hawezi hata kukwambia nyamaza? Alikuwa karibu kuomba radhi na kuondoka, mzee alipoinua mkono wake wa kushoto, ule mzima, akaupunga mara moja kutoka chini kwenda juu. Kila mtu aliyewahi kusimama mbele ya mkubwa anaijua ishara hiyo. Maana yake ni: haya, fanya.

Rehemah akainuka. Akabana visigino.

"Koplo!" ilisema sauti. "Nani nakupa ruhusa kuingia jikoni?"

Aliisema taratibu, bila kunguruma, lakini chumba kilijaa. Brigid alifumba macho, mikono yake ikapapasa mkeka kama anayetafuta kitu alichokidondosha. Gorreti aliugeukia ukuta. Na mzee alikaa akiangalia mdomo wa Rehemah, kama mtu anayepita mtaa wa ugenini akaliona shati lake mwenyewe limeanikwa kwenye kamba.

Kisha akatikisa kichwa. Hapana.

Lakini mzee alikuwa hajamaliza. Aliinua kidole, akagonga mkono wa kiti: ko-ko, akasubiri, ko. Akamwangalia. Akagonga tena, ko-ko, akasubiri, ko, kwa ukali zaidi. Na ghafla Rehemah akaelewa. Hakuwa anakataa. Alikuwa anasahihisha. Miaka ya jukwaani ilikuwa imeurefusha ule mwisho kidogo kidogo ili watu wapate nafasi ya kucheka, na mlango ulikuwa haufungwi tena ghafla, ulikuwa unarudishwa polepole. Akasema tena. Mzee akagonga tena. Akasema tena, akaukata mapema. Mzee akagonga, lakini safari hii taratibu. Walikwenda hivyo, mwalimu asiye na neno na mwanafunzi aliyelowa jasho, hadi sauti ilipokatika mahali pake hasa, na Sajini Ojok akaegemeza kichwa nyuma, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Yaliyofuata Rehemah hakuyapanga. Yalikuja yenyewe kutoka kwenye ule mkeka wa utotoni, kama yalivyokuwa yakija kila asubuhi.

"Watoto ya laini!" aliita. "Mstari moja! Macho mbele! Mguuu..."

Akanyamaza kuvuta pumzi, maana hapo ndipo sauti ya ng'ambo ya ukuta ilipokuwa ikivuta pumzi.

"...sawa!"

Haikutoka kwake.

Ilikuwa imepasuka, ina kutu, imetoka upande mmoja wa mdomo. Lakini lori lilikuwemo, na mlango ulifungwa ghafla. Chumba kizima kilikuwa wima. Gorreti, askari wa magereza, mama wa watoto, alikuwa amebana visigino na kunyoosha mikono bila kujua amefanya hivyo. Brigid alikuwa amesimama kwenye mkeka. Isiko, ambaye hakuwahi kupangwa mstari na mtu yeyote maishani mwake, alikuwa kasimama mlangoni na begi lake kama mlingoti.

Mzee aliwatazama mmoja mmoja. Akaiangalia miguu yao. Halafu akaanza kucheka.

Hicho ndicho kitu ambacho ukuta haukuwahi kukipitisha. Rehemah alikuwa amempa Afande kicheko cha ngoma, kicheko cha tumbo kubwa, kwa sababu hakujua cha kumpa. Kicheko cha Sajini Ojok kilikuwa chembamba, kinapiga mluzi, cha mtoto aliyetekenywa kanisani. Kilipanda na kushuka, kikamtoa machozi, na Brigid akamwangukia mabegani akicheka naye na kulia naye, akimwita kwa lugha ya kwao jina ambalo Rehemah hakulijua, wala hakutaka kulijua, maana hakuja kuchukua kila kitu.

"Tulijaribu nyimbo ya kanisa," Gorreti alisema baadaye, walipokuwa wamekaa na chai. "Muuguzi alisema vitu ya zamani, vitu mtu amesema maisha yote, saa ingine nabaki. Sisi tukaimba kila jioni. Hakuna kitu. Hata moja kati yetu hakufikiria amri."

"Mzee hakupenda kuimba," Brigid alisema. "Kanisani alikuwa nalala."

Kabla hawajaondoka, Rehemah alipiga goti tena. Alikuwa na swali lililomkaa kooni tangu nyuma ya jukwaa. "Mzee wangu," alisema, "sauti hii nimeitumia bila ruhusa. Nimekula nayo. Ukisema niiache, naiacha leo."

Sajini Ojok alifikiri. Akamnyooshea kidole Isiko, halafu begi. Isiko akalifungua, akatoa kofia, mzee akaitazama akaikubali. Akatoa masharubu ya mbuzi, mzee akainua nyusi. Akatoa ule mto wa tumbo na kamba zake. Mzee aliutazama mto. Akalitazama tumbo lake mwenyewe, ambalo halikuwepo. Kisha akatikisa kichwa kwa nguvu zote alizonazo, na hapakuwa na mtu chumbani ambaye hakuelewa. Sauti ruhusa. Tumbo, hapana.

Mto ulibaki Mbale, wajukuu wakaulalia.

Tangu siku hiyo Afande alipanda jukwaani akiwa mwembamba, shati limenyooshwa, viatu vinang'aa. Jinja walilalamika. "Afande amekonda!" kijana mmoja alipiga kelele siku ya kwanza. Afande akasimama, akamtafuta kwa macho. "Nani nasema afande nakonda? Afande iko ile ile. Ninyi ndio mlikuwa naangalia tumbo." Watu walicheka sana, ingawa kwa namna nyingine kidogo. Baadhi yao walinyooka kwenye viti vyao.

Kila Jumapili Brigid alikuwa akipiga simu na kuiweka kwenye sikio la mzee, na popote alipokuwa, iwe nyumbani Jinja, iwe kwenye maegesho ya Buwenge kando ya magunia ya mahindi, Rehemah alikuwa akianza amri na kumwachia mwisho. Mguuu... Geukaaa... Kuku, toka... Siku nyingine jibu lilikuja limekamilika. Siku nyingine ilikuja pumzi tu. Siku moja ulisikika mlio wa kikombe kikipigwa ukutani, na Brigid akasema leo basi, mwanangu, leo hasira iko nyingi. Mlango ulikuwa umefunguka upenyo tu, na kila kilichopita hapo kilikuwa amri ya zamani. Hata salamu hakuweza. Hata jina la mke wake. Rehemah hakuwadanganya kwamba maneno mengine yatakuja, naye Gorreti hakuuliza.

Halafu siku moja, si Jumapili, Rehemah akiwa studio anamsubiri Douglas arekebishe kipaza sauti, simu iliita. Ilikuwa Brigid, na nyuma yake kulikuwa na makelele ya uani.

"Amesema!" Brigid alipiga kelele. "Rehemah! Mzee amesema!"

"Amesema nini, mama?"

"Nimepika boo, ile mboga ya kwetu. Na simsim, vile yeye napenda. Nimeweka mbele yake, amechukua kijiko moja, ameonja, ameniangalia, amesema..." Hapo akavuta pumzi. "Amesema, 'Chumvi.'"

"Chumvi?"

"Chumvi! Nimesahau chumvi! Mimi! Hakuna mtu ameanza, hakuna mtu amemsaidia. Chumvi!"

Rehemah alitoka nje ya chumba cha trei za mayai akakaa kwenye ngazi. Chini yake, mtaani, pikipiki zilipita na mtu alikuwa akipima misumari dukani. Alijaribu kukumbuka asubuhi zote za ule ukuta, akazipekua moja moja, na hakulikuta humo neno hilo. Hakuwahi kulisikia likisemwa na sauti ile. Hakujua lori linapandaje katika neno fupi kama hilo, wala mlango unafungwa wapi.

"Amelisemaje, mama?" aliuliza, kwa sauti yake nyembamba.

Lakini Brigid hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa ametoka na sufuria uani, simu ikiwa bado mkononi, na Rehemah aliweza kumsikia akipita mlango hadi mlango, akiwaita majirani waje waonje, akiwagawia mboga kwa kijiko kile kile, na majirani, ambao hawakujua wameitiwa nini wala wamepewa nini, wakionja mmoja baada ya mwingine na kukubali kwa mshangao kwamba ni kweli, kweli kabisa, mboga haina chumvi.